Herufi Nane

Saa nane ya usiku, Ibra, mwezi wa saba.
Kompyuta nimeinunua riali kumi na tano
kwa ofisi ya bima iliyofungwa kule Ghala;
ubavuni bado ina kibandiko: *Meza ya Rayyan*,
na chembe za biskuti za Rayyan katikati ya vitufe.
Mfumo wake wa zamani ulikuwa wa kukohoa.
Nikaufuta. Nikaipa Linux
kwa kijiti cha mpwa wangu, na ikawaka, maskini,
kama mtu aliyekwisha kusomewa Yasini.
Ila juu pembeni, pale pa alama ya mtandao,
pametoboka.

Naandika lspci, herufi tano kama chafya.
Inajibu: kadi ipo. Ina jina, ina namba.
Haina dereva.

Kumbe mama hajalala.
"Haina nini?"
"Dereva, mama."
"Mpigie Khalfani. Yuko macho huyo, anapeleka maji Sinaw."

Namweleza: ni maandishi tu, madogo,
yanayoifundisha kadi namna ya kusikia.
"Yako wapi?"
Mtandaoni.
"Na mtandao unaingilia wapi?"
Kwenye kadi.
Kimya. Kiyoyozi kinadondosha tone.
"Basi aliyetengeneza kitu hicho
kafungia ufunguo sandukuni, akaenda kulala."

Ruta iko juu, kwa kaka yangu Mbarouk.
Waya nilionao unaishia ngazi ya tatu.
Na kesho Jumatano, soko la wanawake,
na mwenye vitambaa wa Dubai, bwana mkubwa yule,
hatumi bei ila kwa barua pepe
na faili lisilofunguka kwenye simu.

Mama ananyoosha mkono nje ya shuka:
"Chukua yangu."
Simu ya kioo kilichopasuka, na bando
analolibania wiki nzima
asikilize sauti za dada yake wa Tabora siku ya Ijumaa.
Naichomeka kwa waya wa kuchajia,
nairuhusu ipitishe.
Megabaiti kumi na mbili zikateremka,
namba moja moja, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Nikakosea. Kadi inaishia na tano,
nami nimechukua ya sita.
Nikafuta, nikarudia, nikazima, nikawasha,
nikasahau sudo, nikakaripiwa na mashine
kama mtoto aliyeingia ndani na viatu.
Ijumaa ya mama inapungua
na mimi ndiye ninayeila.

Kisha, bila kishindo chochote,
kijistari. Viwili. Vitatu.
Na mtaa wetu wote ukajipanga kiooni kwa majina:
Bait Mbarouk, huyu wetu.
Hamood 5G, anayejisifu hata kwa hilo.
Maabara ya Meno.
Usituibie, kwa Kiarabu, na alama tatu za mshangao.
Na chini kabisa, hafifu, mstari mmoja tu:
Hodi Kwanza.

Nikasoma tena. *Hodi Kwanza.*
Miaka kumi na moja kwenye uchochoro huu
tunasalimiana *sabah al-kheir*, tunakwenda zetu,
na yuko mtu nyuma ya mojawapo ya milango hii
anayetaka abishiwe hodi.

Nikaugusa. Ukaomba neno la siri.
Karibu, nikaandika. Kitufe hakikukubali kuwaka:
herufi sita, zinatakiwa nane.
Nikahesabu kwa vidole, juu ya meza ya Rayyan:
ka, ri, bu, ni.
Nane kamili.

Kitufe kikawaka. Kidole changu kikabaki hewani.

Nikafuta, herufi moja moja.
Nikajiunga na Bait Mbarouk, nikapakua bei za vitambaa
(zimepanda), nikachomoa simu ya mama,
nikaiweka karibu na mto wake.

Asubuhi, kabla ya soko,
nitafunika sahani ya vitumbua
na kupita mlango hata mlango
nikiita kwa sauti, mpaka mmoja uitikie.